Alama Nilizozifuta

Nilizifuta mwenyewe, Alhamisi asubuhi, kwa kitambaa chenye siki. Jumamosi yake nilikuwa navuliwa nguo nyeusi za ujane, wageni wanatoka mpaka Polokwane, na mimi nyumba chafu siiwezi. Nikafua mapazia, nikasugua masufuria, nikafika sebuleni kwenye mitambo ya muziki ya Lesetja. Kila kifundo cha kuzungusha kilikuwa na vistari vya penseli pembeni. Nikaona uchafu. Na nikianza kusugua mimi sina breki, nilisugua mpaka vifundo vyenyewe vikazunguka.

Lesetja Ramoshaba alikuwa mume wangu. Alikuwa fundi umeme wa reli, mtu wa maneno machache, na mitambo ile aliiunga kwa mikono yake. Redio za watu wengine zina amplifaya moja inayobeba wimbo mzima. Yeye hakutaka hivyo. Kwake wimbo ukitoka kwenye santuri uliingia kwanza kwenye kisanduku cheusi alichokiita mgawaji, ukatenganishwa mafungu matatu: sauti nzito, sauti za kati, sauti nyembamba. Kila fungu lilikwenda kwenye amplifaya yake, na kila amplifaya ililisha spika yake peke yake. Ni kama wanawake watatu kwenye shughuli, mmoja na nyama, mmoja na pap, ule ugali wetu, mmoja na kabichi, hakuna anayegusa chungu cha mwenzake. Vile vifundo ndivyo vilivyoamua nani apakue kiasi gani. Alihangaika navyo miaka, na alipopata alichokitaka ndipo akaweka zile alama za penseli.

Nilikionea wivu kile kisanduku, nakiri. Jumapili mchana ilikuwa yeye, kisanduku, na wenzake wa klabu ya jazi wamevaa kofia na viatu vya rangi mbili. Mimi niko jikoni na matumbo ya ng'ombe yanayotaka saa nne motoni. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kuniuliza hata siku moja, Mosibudi, wewe unaisikiaje?

Alipofariki, shangazi yake akasema nyumba haitalia muziki mpaka nivue nyeusi. Nikakaa mwaka mzima kwenye ukimya. Nilitembea humo ndani kama mtu aliye chini ya maji, kila kitu kiko mbali, hata nyayo zangu. Jumapili mchana nilikuwa nasinzia kwenye kiti cha jikoni, jua limelala sakafuni, na mara nyingine nilisikia wimbo unaanza nyuma ya ukuta, taratibu, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Nikifumbua macho ni friji. Nguo zake ndugu zake walishagawana, kama inavyotakiwa. Mimi nilibaki natamani kitu kimoja tu, niisikie nyumba kama alivyoiacha. Niliuhesabia siku huo mwaka kwa ajili ya hicho.

Basi Jumapili, kesho yake ya kuvuliwa, nikiwa na gauni la buluu ambalo bado lilinikaba mabegani, wakaja wenzake wawili na santuri zao mkononi. Bra Kgabo, bra ni kaka kwa lugha ya klabu yao, ni fundi cherehani, mwembamba, anaongea kama anayepima kitambaa. Bra Mpiyakhe aliendesha basi kubwa maisha yake yote, na sauti yake haijawahi kushuka kwenye hilo basi.

Bra Kgabo akawasha amplifaya moja moja, akainama kwenye mgawaji, akakaa ameinama muda mrefu.

"Shemeji, alama ziko wapi?"

"Alama gani?"

"Za penseli. Za marehemu."

"Zile? Nimezifuta. Nilidhani uchafu."

Bra Mpiyakhe akavua kofia. "Mama huyu angezikuta Amri Kumi zina vumbi, leo tungekuwa tunaishi kwa kukisia."

"Ningeanza na hiyo kola yako kwanza," nikamjibu. Lakini nilikuwa nimeshakaa chini, na machozi yako karibu. Mwaka mzima nimengoja, halafu mwenyewe, kwa mkono wangu.

"Usilie, shemeji," akasema Bra Mpiyakhe. "Sauti ya Lesetja naijua hata nikiwa usingizini. Kgabo, ongeza besi."

"Wewe unajua besi tu. Ungeruhusiwa ungeitolea mahari."

"Ongeza, bwana."

Wakabishana, wakazungusha, sindano ikashuka. Ikatoka saksafoni ya zamani na piano, muziki mnene, mtamu, mpaka mapazia yangu yakatetemeka. Wale wazee wakafumba macho. Bra Mpiyakhe akaanza kucheza peke yake pale kwenye zulia, ule mchezo wao wa kisigino na mkono mmoja mfukoni. Ilikuwa nzuri. Mimi nikasimama nayo katikati ya sebule kama mtu aliyeamka kwenye nyumba ya jirani.

"Siyo," nikasema.

"Siyo vipi?"

"Siyo yeye. Sijui. Siyo."

Wakazungusha tena, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila walipobadilisha wakanitazama. Nikatikisa kichwa tu.

"Sasa tueleze ilikuwaje, shemeji," akasema Bra Kgabo kwa upole.

Hapo ndipo nilipoaibika. Sikujua. Miaka yote ile sijawahi kukaa kwenye sofa ile wimbo mmoja ukaisha. Ilikuwa nyumba yangu na sebule yao. Kabla sijapata la kusema nikasikia harufu ya chungu kinachotaka kuungua, nikakimbilia jikoni.

Nikapunguza moto, nikafunua, nikakoroga. Mvuke ukanijaa usoni. Na kupitia kwenye mlango, kupitia kwenye mvuke, muziki ukanifikia ukiwa umevimba na umefifia, unavuma kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni, na ghafla nikajua. Sikufikiria. Mwili ndio uliojua.

"Punguzeni besi," nikaita.

"Nimeshaipunguza, mama," akajibu Bra Kgabo.

"Punguza bado. Inagonga ukutani huku."

Ikashuka. Ukuta ukanyamaza. "Sasa zile nyembamba, ziongeze."

"Zitatutoboa masikio."

"Ongeza, Kgabo."

Akaongeza, nikamwambia tena, akaongeza kidogo kidogo. Nikaanza kusikia brashi ikipangusa ngoma, ile shaa, shaa, niliyokatia vitunguu nusu ya maisha yangu. Kisha nikasikia pumzi ya mpiga saksafoni kabla ya noti, ile pumzi ndogo ambayo siku zote ilinifanya nami nivute yangu. Jikoni pakawa pale pale pa zamani. Jua sakafuni, mwiko mkononi, na nyuma ya ukuta mume wangu ameketi, amekunja miguu, hana haraka na mtu yeyote. Sikutaka kugeuka nisije nikamfukuza.

"Hapo," nikasema. "Usiguse tena."

Wimbo ukaenda mpaka mwisho. Nilisimama nao wote.

Bra Mpiyakhe akaja mlangoni anasugua masikio. "Shemeji, kule ndani hakukaliki. Inakwaruza meno. Besi imekonda, imebaki mifupa."

Nyuma yake Bra Kgabo alikuwa amevua miwani. "Nyamaza, Mpiyakhe. Ndiyo hiyo."

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo sauti yake. Umesahau tulivyokuwa tukimlalamikia? Kila Jumapili tunamwambia Lesetja, inachoma, rekebisha. Mtu anayejua kazi kiasi kile, anakataa. Hakutuambia kwa nini." Akaja mpaka karibu na jiko, akatega sikio hapo. "Huku ni safi kabisa."

Bra Mpiyakhe naye akaingia, akasimama, akasikiliza, akaacha kusugua masikio.

"Alikuwa akiweka santuri anatoka," akaendelea Bra Kgabo. "Anatuacha tumekaa, wimbo unaendelea. Anarudi, anagusa kifundo, kiasi cha unywele tu, anatoka tena. Sisi tulidhani kibofu. Alikuwa anakwenda wapi, shemeji?"

Nilijua alikokuwa anakwenda. Alikuwa anakuja hapa. Anasimama pale kwenye friji, sikio limeelekea mlangoni, anafunua chungu changu, anakaa nacho wazi mvuke unapotea, halafu anafunika. Kila Jumapili. Na mimi kila Jumapili namtimua kwa mwiko, nyama haijaiva, Ntate, mzee wangu, rudi kwa wenzako, mbona huna subira.

Nilikaa kwenye kiti changu, nikalia kwa sauti, mbele yao, gauni jipya na yote.

"Nilikuwa nadhani ana njaa," nikawaambia.