Dereva Aliyesubiri Kichwa

Usiku wa jana nilipitiwa na usingizi nikiwa nimenuna, nikaota niko stesheni ya treni, nimevaa kandambili na tai, na mabehewa yamejaa maswali ya mtihani.

Maswali yenyewe yamekaa kwa adabu. Swali la kwanza limepakata kikapu. Swali la insha limechukua viti viwili na halitaki kusogea. Yote yanakwenda kwenye printa ya nukta nundu, ile inayotoboa karatasi ili asiyeona asome kwa vidole, maana asubuhi ni mtihani wa moko, ule wa kujipima kabla ya wa taifa, na mwanafunzi wangu Edina Tweve hana karatasi yake.

Hilo la Edina halikuwa ndoto. Muhula uliopita alisomewa maswali kwa sauti kwenye korido, na alipomaliza akaniambia, "Mwalimu, safari ijayo nataka kusoma mwenyewe." Nikamwitikia haraka haraka, kama mtu mwenye uhakika. Printa tukaipata. Kompyuta yetu, inayotumia Linux, mfumo wa bure, ndiyo iliyogoma kuiundia dereva, yaani programu ya kuiendesha. Jioni nzima ilirudia jambo moja tu: vichwa vya kiini havipo. Kiini ni ile programu kuu inayoamrisha mashine nzima, na vichwa ni mafaili yanayomfundisha dereva kuelewana nacho. Nikavipakua vichwa, nikaviweka. Ikasema havipo. Nikaenda kulala.

Basi, stesheni. Dereva yuko pale na sare yake, amekaa chini kando ya reli, anamenya karanga.

"Shikamoo. Tunaondoka saa ngapi?"

"Marahaba. Kichwa kiko wapi?"

Najishika kichwa.

"Si hicho, Mwalimu. Kichwa cha treni. Au unataka nivute mabehewa kwa meno?"

Nakimbia kutafuta. Stesheni imekuwa soko na mimi sishangai. Muuza supu ananipa kichwa cha mbuzi. Dereva anakipima mbele ya behewa, kinasinzia. Naleta kichwa cha habari, nacho kinapiga kelele, "MWALIMU AHANGAIKA!" mpaka maswali ya hesabu yanaanza kulia.

"Hiki kirudishe gazetini," anasema Dereva.

Halafu nakiona kichwa cha treni, kipya kabisa, kimeegeshwa nyuma ya choo. Ndicho nilichokileta jioni! Ubavuni yameandikwa majina ya watu waliokiunda bure, watu wa nchi ambazo sitazifikia, mengine siwezi hata kuyatamka. Nikasimama nikayashukuru moja baada ya jingine mpaka ulimi ukachoka. Dereva alisubiri.

Tukakisukuma mpaka kwenye mabehewa. Kiungio kikakataa kuingia.

"Hapo ni kwa Mkuu wa Stesheni," akasema.

Ofisi ya Mkuu ni jiko la shule yetu. Mkuu mwenyewe ni kiini cha yai, amevaa kofia, ametulia kwenye sahani.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Keti, ila usitikise meza."

Nikamweleza habari ya Edina, kichwa na kiungio. Akafikiri.

"Kichwa unacho, Mwalimu, lakini si changu. Ni cha yule."

Kwenye benchi amekaa mwenzake, kiini kipya, amekumbatia begi.

"Jana uliwaleta pamoja, yeye na kichwa chake," akaendelea Mkuu. "Lakini aliye kazini bado ni mimi. Na vichwa havichanganywi, kila kiini na chake."

"Sasa mbona humwachii zamu?"

"Kwani kuna aliyezima mashine? Zamu yangu haiishi mpaka izimwe, iwashwe. Tangu shule ifunguliwe hakuna aliyenipumzisha." Alisema bila kinyongo. "Wala silalamiki. Nimewabebea matokeo, picha za mahafali, na zile karata mnazocheza wakati wa vipindi."

Roho iliniuma. "Mkuu, asante. Kwa yote. Hata kwa zile karata."

"Asante kushukuru. Sasa nenda ukaizime."

"Nitaizimaje nami niko ndotoni?"

"Ndiyo maana nakwambia, anza wewe kuamka."

Nikaamka. Uso sikunawa. Nikaenda moja kwa moja chumba cha kompyuta, nikaizima, nikaiwasha. Nikaandika amri ile ile ya jana, neno kwa neno, na safari hii ikapita bila manung'uniko. Printa ikaanza kutoboa. Ina kelele mbaya printa ile, lakini nilitamani kuikumbatia.

Edina akapewa karatasi yake dakika ile ile wenzake walipopewa zao, dawati lake likiwa katikati ya madawati yao. Vidole vikapita mstari wa kwanza, vikarudi, vikapita tena taratibu. Midomo ikawa inacheza. Nilishukuru kwa moyo wote, na sikujua nimshukuru nani kwanza.

Akaacha kusoma, akainua karatasi mpaka puani.

"Mwalimu, asante sana. Lakini mbona inanuka dizeli ya treni?"

Sisi huku milimani hatuna reli.

"Soma tu, Edina," nikamwambia. "Imetoka mbali."