Skuta Iliyozimika Langoni kwa Dada

Mimi si mtu wa kununa. Muulizeni yeyote. Lakini siku dada yangu alipoizunguka skuta yangu mpya, mikono kiunoni, akasema, "Hicho kikongwe hakitakufikisha hata langoni kwangu," nilinuna mpaka mashavu yakaniuma.

"Basi sikanyagi kwako," nikamwambia, "mpaka skuta hii ipite mbele ya lango lako ikinguruma, na wewe umesimama unaitazama!"

"Nitaota mvi nikisubiri," akajibu, akachukua mkoba wake huyo akaenda zake.

Ndivyo tulivyoacha kusemezana, mimi na dada yangu, aliyekuwa akinisuka nywele tangu sijajua hata kutamka jina lake. Mkaidi yule! Na mimi, haya, mkaidi kidogo.

Kwanza kabisa, si kikongwe. Ni skuta ya mtindo wa zamani: taa moja ya mviringo, mbavu nene, rangi ya maziwa, na gia unazobadilisha kwa kuzungusha mkono wa kushoto huku umebana klachi. Niliinunua kwa mzee mmoja, mpiga picha wa harusi aliyestaafu. Kwa kuwa ilikuwa imehudhuria harusi nyingi kuliko mimi, nikaiita Bibi Harusi. Mzee alinikabidhi kama anayeoza binti. Petroli uichanganye na oili. Plagi uisugue ikiingia masizi. Usiiache juani. Mwisho akainama, akanionyesha koki ndogo chini ya kiti, ile inayoruhusu mafuta yashuke kwenye injini.

"Hii nimeshaifungua," akasema. "Iache hivyo hivyo, usiiguse."

Mama, aliyekuwa amenisindikiza, akainama naye. "Na hufungwaje?"

"Unaigeuza tu hivi, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Sasa, lazima mumjue mama yangu. Nyumbani kwetu hakilali kitu wazi. Kila jioni baada ya chakula mama hupita: anafunga gesi, anakaza mabomba, anabana kopo la sukari, anarudi tena kwenye gesi kuhakikisha. Tulipokuwa wadogo dada alikuwa akininong'oneza, "Fumba mdomo, asije akaukaza na huo." Bibi Harusi alipewa nafasi kwenye kikorido, kando ya mtungi wa gesi, kwa sababu mama alisema nje wataiiba.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na njia ya kwenda shuleni inapita mbele ya nyumba ya dada. Nyingine hakuna. Asubuhi ya kwanza skuta iliwaka kwa teke moja. Nikajiona! Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, upepo usoni, honi mkononi tayari kumshtua mtu fulani. Nikaliona lango. Bibi Harusi akakohoa, akakohoa tena, akazimika. Pale pale langoni, jamani, si mbele wala nyuma.

Dada ni fundi cherehani, na cherehani yake iko barazani, inatazama barabara. Nikaisikia imenyamaza. Nami sikugeuka, nikaikokota skuta yangu shingo juu mpaka kwa fundi pikipiki pale mbele, yule tunayemwita Fundi Pole kwa sababu hawezi kuanza sentensi bila neno hilo. Akapitisha mkono huku na huku, akapiga teke, ikawaka.

"Pole, mwalimu. Mbona haina kitu?"

Kesho yake ikazimika tena langoni. Na keshokutwa. Fundi Pole akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, akabadilisha hata waya ya gia ambayo haikuwa imemkosea mtu. Kila akipiga teke, inawaka. Jioni inanirudisha nyumbani bila hata chafya. Ni asubuhi tu, na ni pale tu. Nilimlaani mpiga picha, nikalaani petroli, nikakaribia kuamini dada ameniroga.

Dada naye akaanza uchokozi. Siku moja aliiambia sindano yake, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Sindano yangu, umeona? Kuna watu walisema hawakanyagi hapa."

"Sijakanyaga!" nikafoka. "Niko barabarani. Angalia miguu!"

"Nimeiona. Na chai je, utainywea barabarani?"

Nikainywea barabarani. Yeye ndani ya lango, mimi nje, kikombe kikipita juu. Chai yake nilikuwa nimeikumbuka mno, na mwenye chai nilimkumbuka zaidi, ila hilo sikumwambia. Nilimwambia sukari imezidi. Tukamsengenya mpangaji wake, tukamsengenya mkuu wangu wa shule, tukacheka. Ikawa ndiyo desturi yetu. Nilianza kutoka nyumbani mapema ili nipate muda wa kuzimikiwa.

Halafu siku moja, kikombe mkononi, dada akauliza, "Hivi jioni haikusumbui?"

"Hata kidogo."

"Na inalala wapi?"

"Kwenye kikorido, kando ya gesi."

Dada akakiweka kikombe chini polepole. "Na gesi inafungwa na nani?"

Tukatazamana. Nikapeleka mkono chini ya kiti. Koki ilikuwa imefungwa, tena imekazwa barabara. Mafuta yaliyobaki kwenye kabureta ndiyo yaliyokuwa yakinifikisha pale, yakaishia pale. Tulicheka mpaka dada akaning'inia kwenye lango na machozi yakanitoka. Fundi Pole, tulipomwita, akajikuna kichwa. "Pole, mwalimu. Mimi naifungua kila siku kabla ya kupiga teke. Nilidhani unaifunga mwenyewe! Watu makini huifunga."

Fundi alipoondoka, dada akasema, "Basi kesho itapita."

"Itapita," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

Jioni ile nilimwomba mama asiiguse tena koki. Akaudhika. "Sawa. Nyumba ikiungua msiniite." Lakini hakuigusa.

Asubuhi Bibi Harusi akaenda kama kapakwa mafuta. Kwa mbali nikamwona dada amesimama langoni, vikombe viwili mikononi. Mtasema, si ungesimama? Breki naijua iliko. Lakini nilikuwa nimeapa kwa mdomo mpana kiasi kile, kwamba itapita ikinguruma na yeye anatazama. Na kweli alikuwa anatazama. Nikapiga honi, nikainua kidevu, nikapita.

Kwenye kioo nilimwona akibaki amesimama. Akavitazama vile vikombe, kimoja kisha kingine. Halafu akakimwaga kimoja kwenye maua. Roho iliniuma, nisiwafiche. Nilikuwa nimeshinda, na sikumbuki siku nyingine niliyojisikia mjinga namna ile.

Darasani mtoto mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umenuna?"

"Sijanuna!" nikamfokea.

Jioni mama akaanza mzunguko wake. Akafunga gesi. Akakaza mabomba. Akabana sukari, akarudi kwenye gesi. Alipofika kwa Bibi Harusi akageuza uso upande, akapita kwa maringo.

"Mama," nikaita. "Umesahau koki."

"Si umenikataza?"

"Ifunge tu, mama."

Akajishika goti, akainama, akaigeuza koki, akaijaribu kama imekaza.

"Haya," akasema akijinyoosha. "Kesho ukifika, mwambie dada yako anirudishie sufuria yangu kubwa."