Leo Tunaanua

Bi Masouda alianika maembe yake ya mwisho siku ya Jumatatu, akafa alfajiri ya Jumanne akijitayarisha kusali. Maembe hayakuwa na habari. Alipokwisha kuzikwa na nyumba ya Al Amerat, huko Omani, kufurika wanawake waliokuja kuhani na kutoa pole, binti yake Rahila alipanda juu kwenye sutuhi, paa bapa la nyumba, akavikuta vipande vyote mahali pake, vimekatwa vyembamba, vimetiwa chumvi na manjano, vimetandazwa kwenye nyungo tatu na kufunikwa kwa kitambaa cha shashi nzi wasitue. Ukingoni mwa ungo mmoja palikuwa na alama ya manjano ya vidole vya mama yake.

Rahila alisimama juani akaitazama alama ile mpaka kichwa kikamuuma. Hakulia. Tangu alfajiri hakuwa amelia, na kule chini wanawake walikwisha kunong'onezana kwamba huyu binti ana moyo mgumu. Yeye alikuwa na jambo moja tu la kushika: maembe haya yatakauka kwa jua, kama mwenyewe alivyotaka, na itatoka chupa moja ya achari yenye mkono wa mama. Baada ya chupa hiyo hakuna nyingine duniani.

Na wala Rahila hakuwa mgeni wa kukausha vitu. Ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa mshahara, kwenye kiwanda cha tende. Alikuwa na mahema ya plastiki yanayonasa joto la jua, alikuwa na matanuri ya hewa moto, na karibuni waliletewa mtambo unaoligandisha tunda kwanza, kisha ukalivuta maji yake likiwa barafu vile vile. Nyumbani alimnunulia mama yake mashine ndogo ya kukaushia, yenye trei za waya na kitufe cha moto. Bi Masouda aliigeuza meza ya vitunguu.

"Inakausha kwa hasira hiyo," alisema. "Embe halitaki kukemewa, mwanangu. Nna jua la bure, nna haraka ya nini?"

Rahila alicheka, maana kazini kwake yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wafanyakazi wapya jambo lilo hilo kwa maneno marefu zaidi. Maji ya ndani ya tunda yanataka muda wa kufika nje. Ukilipiga moto mkali, ngozi inajifunga, nje linakuwa kavu na ndani bichi, nawe unaliweka kabatini ukidhani umemaliza kazi.

Basi siku zile za msiba kila asubuhi alipanda kuanika, na kabla ya Magharibi akapanda kuanua. Wifi yake Balqees, mke wa kaka yake Fahd, alimsaidia kubeba. Balqees ni Mwarabu wa Nizwa. Aliingia nyumba hii hajui hata neno moja la Kiswahili, na Bi Masouda alimfundisha huku huku juu, kwa mikono, akitandaza na kukusanya: anika, anua. Ndiyo maneno yake ya kwanza. Mama yake mzazi alimfia angali mdogo, na hakuna aliyempenda Bi Masouda kuliko yeye, pengine hata wanawe.

Siku ya tatu asubuhi Bi Hasina, mdogo wake marehemu, aliyekuja kutoka Sib, alisimama mlangoni mwa jiko akatangaza, "Jamani, leo baada ya alasiri tunaanua. Watu wajitayarishe."

Waliokuwamo jikoni waliitikia. Balqees naye aliitikia.

Mchana kutwa Rahila alikaa ukumbini akishikwa mikono na kupewa pole. Dua ikasomwa, kahawa ikazunguka, mikeka ikakunjwa, wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kupanda juu. Sutuhi ilikuwa nyeupe, tupu.

Alishuka ngazi mbio. Jikoni vitunguu vilikuwa sakafuni na mashine ilikuwa ikinguruma.

"Usihangaike, wifi. Nshaanua mimi," alisema Balqees. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini alikuwa akitabasamu. "Bi Hasina kasema leo tunaanua. Nkaona maembe bado, sasa vipi? Nkayatia kwenye mashine yako tangu asubuhi, moto wa mwisho, yawahi." Akavuta trei moja. "Tizama. Nimemalizia kazi ya Mama."

Rahila alichukua kipande akakivunja. Nje kilikuwa kigumu, kimeungua kingo. Ndani kiling'aa maji.

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kumshika mtu mabega amtikise, na wa kulaumiwa hakuwapo. Palikuwa na Balqees tu, vidole vimebabuka kwa zile trei za moto, akingoja kuambiwa neno.

"Yamekauka, wifi," alisema Rahila. "Ahsante."

Alijaribu kila alilolijua. Aliyafungia kwenye chupa ili unyevu ujigawe, akayarudisha juani, akayafungia tena. Kwa tende njia hiyo ilimfaa mara nyingi. Maembe ya mama yake yalikataa. Asubuhi moja aliinua chupa dirishani akauona ukungu, wa kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Akayamwaga yote kabla watu hawajaamka. Kisha akaosha nyungo mbili, ule wenye alama ya vidole asiutie maji, akazipandisha zote tatu juu akazianika tupu.

Jioni Balqees alipanda kuanua nguo za watoto wake, akaziona nyungo.

"Maembe umeyatia wapi?"

Rahila alitafuta uongo mwingine akaukosa. "Yameoza, wifi. Moto uliyafunga nje, ndani yakabaki na maji."

"Lakini Bi Hasina alisema tuanue."

"Alikusudia matanga. Watu wakimaliza kilio wakaenda makwao, tunasema tumeanua matanga. Neno ni lilo hilo."

Balqees aliliweka chini kapu la nguo polepole. "Mama hakunifundisha hilo."

"Hapakutokea msiba tangu uje. Angekufundisha kwa lipi?"

"Kwa hiyo siku ile," alisema Balqees, "nyinyi mlikuwa mmemaliza kulia?"

Rahila alifungua kinywa amjibu. Kililipuka kilio ambacho hakukitoa mbele ya maiti wala mbele ya wageni, kilio cha sauti, cha mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni, na akakaa chini kwenye saruji ya moto. Balqees alikaa naye, akamkumbatia, akalia naye, akisema samahani kwa Kiarabu na kwa Kiswahili mpaka maneno yakamwishia.

Walikuwa wangali pale adhana ya Magharibi ilipoanza. Balqees alijifuta uso kwa shela, akainuka kwa mazoea, akaunyooshea mkono ule ungo wenye alama.

"Nianue, wifi?"

"Usianue," alisema Rahila. "Ziache kwanza."