Mgongo wa Vipande Viwili

Marehemu mume wangu, fundi cherehani, aliacha mita tano za kitambaa cha makoti. Nilikipima mara tatu. Makoti mawili, basi. Watoto ni watatu. Nikaamua yawe ya wavulana, maana wao ndio waliomuuguza. Kitindamimba wetu, binti pekee, alikuwa chuoni, akafika baba yake ameshazikwa.

Hakulia. Alisema tu, "Mama, usikate. Nipe siku mbili."

Akapima karatasi zote za baba yake za kukatia makoti, kola mpaka mikono, akaziingiza kwenye kompyuta. Programu yenyewe unaipa masharti unayotaka. Inapanga vipande ovyo, mipango mia, na kila mpango unapata alama kwa jinsi usivyopoteza kitambaa. Mibovu inatupwa, mizuri inazalishwa: nusu ya huu, nusu ya ule, pamoja na kosa dogo la makusudi.

"Kama kuku," nikasema.

"Kama kuku, mama. Ila hawa hawali."

Siku ya pili akaniita. Makoti matatu yalikuwa yameenea. Nikasogea kwenye kioo cha kompyuta, nikatazama mikono ya makoti.

"Huu umelala kichwa chini. Kitambaa hiki kina manyoya yanayolala upande mmoja. Ukikigeuza, mkono mmoja utaonekana mweusi, mwingine kijivu."

"Sikuiambia."

"Na mimi sikukuambia. Iambie."

Akaongeza sharti. Vizazi elfu mbili vikapita huku tukimenya viazi. Koti la tatu likakosa mgongo. Akabadilisha hiki na kile, mgongo haukupatikana. Mwishowe akaanza kufunga kompyuta taratibu, na hapo nikamwona alivyokonda.

"Iambie mgongo unaweza kuwa vipande viwili," nikasema.

"Baba hakuunga mgongo hata siku moja. Alikuwa akiwacheka wanaounga."

"Baba yako alikuwa na kitambaa cha kutosha. Acha na nafasi ya mshono, vidole viwili."

Ikachukua muda mfupi tu. Vipande vyote vikakaa, manyoya yakielekea chini, na kitambaa kilichobaki hakikutosha hata mfuko.

"Hilo la kuungwa ni langu," akasema.

"Sikufikiria vingine."

Nikatandika kitambaa mezani, nikachora kwa chaki nikifuata kompyuta. Nilipochukua mkasi wa marehemu, akauliza kwa sauti ndogo, "Baba angenikatia?"

"Angekugombeza kwanza. Halafu angekata. Shika ncha ile, usivute."

Akashika.