Kiraka Kisicho na Jina

Mkuu wetu wa kazi tulimwita Dakika Mbili, maana kila alichokitaka alikitaka baada ya muda huo. Asubuhi ile alinipa mpaka saa sita mchana. Ukarimu wa namna hiyo ukanitisha.

"Mtaa wa juu hauna maji siku ya tatu," alisema. "Wa mwisho kugusa programu ni nani? Paka?"

Ni mimi. Programu yetu ndiyo inayofungua vali za mabomba, kila mtaa kwa zamu yake. Wiki iliyopita saa yake ilikuwa ikichelewa, nikaiwekea kiraka, kama tunavyosema sisi wa kompyuta: mistari michache ya kuziba palipotoboka. Nikapiga na mluzi. Sasa nilikuwa nimekisoma kiraka changu mara nne, mguu unacheza chini ya meza, na kosa silioni. Kazi mbili nilishafukuzwa. Hii ya tatu ningefukuzwa kama mzoefu.

Nikaenda dirishani, mlangoni, dirishani tena. Mwishowe nikaitia kompyuta kwapani, nikapanda mtaa wa juu kwa shangazi. Ujanani alifanya kazi kwenye mashine kubwa kuliko sebule yake, na kichwa chake hakijapata kutu.

Nilimkuta jikoni, amezungukwa na ndoo tupu.

"Karibu, mleta kiu. Hicho kiti kichafu, na maji ya kukifutia unayo wewe."

"Shangazi, sina muda."

"Na mimi sina maji. Tumetoshana."

Nikamweleza huku natembea. Nilipotaja kiraka, akacheka mpaka kitambaa cha kichwani kikalegea.

"Mnakitaja tu, mlishawahi kukishika? Zamani zetu programu ilikuwa utepe wa karatasi wenye matundu. Tundu likitobolewa pasipotakiwa, unakata kipande cha karatasi, unapaka gundi, unabandika juu. Ndicho kiraka hicho! Ninyi mmerithi jina, gundi mkatuachia."

Saa tano na robo. "Vizuri sana, shangazi, ila..."

"Ila nini? Kaa!" Nikakaa na vumbi lake. "Pale kwetu, kila kiraka ulikiandikia jina lako kwa kalamu nyekundu, na sababu. Usipoandika, mwenzako atadhani ni uchafu, atakibandua. Mimi nilibandua kimoja. Mashine ikatema makaratasi kutwa nzima, nikashikishwa ufagio wiki mbili. Haya, wewe umebandika. Umebandua nini?"

Mguu ukaacha kucheza.

Nilikuwa nimebandua. Karibu na ile saa palikuwa na mstari mmoja ulioruka vali ya saba, bila maelezo wala mwenyewe. Nikauona takataka, nikaufuta, nikajisifu kwa usafi. Nikampigia fundi bomba.

"Ya saba?" akasema. "Imekufa tangu mwaka juzi, tunaipitia pembeni. Aliyekutangulia alijua."

Kumbe programu yangu safi ilikuwa ikingoja maiti aitike, na mtaa wa juu upo nyuma yake kwenye foleni.

Kuurudisha mstari ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Kidole kikabaki hewani. Ningeutuma kimyakimya, lawama ingeangukia vali, na vali haina mdomo.

"Jina," akasema shangazi, wala hakuwa ananitazama.

Nikaandika pembeni ya mstari: *Unaruka vali ya saba, imekufa. Niliufuta kwa kutojua, nimeurudisha.* Nikaweka jina langu lote, na la baba. Nikautuma, nikampigia mkuu kabla woga haujanikuta.

"Umejishtaki kwa maandishi?" akauliza.

"Ndiyo, mkuu."

"Nipe dakika mbili." Akakata.

Nikazihesabu ndoo. Saba. Nikazihesabu tena, zikawa saba tena. Simu ikaita.

"Humo ndani viko viraka vingapi visivyo na jina?"

"Sijui, mkuu. Vingi."

"Basi kuanzia leo utavitafutia wenyewe, kimoja kimoja. Ukimaliza ndipo nitakufukuza."

Bado nimeshika simu sikioni, bomba likakohoa, likakohoa tena, likatema maji mekundu ya kutu kwenye ndoo ya kwanza.

Shangazi akainama kuyatazama. "Umeona?" akasema. "Hata bomba limetia saini. Sasa inuka, ukifute hicho kiti."