Taa ya Fuso Ziwani

Lugano, fundi umeme wa magari pale Iyunga, alifunga taa za boti ya shemeji yake kama alivyozoea kufunga za malori: nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ile nyekundu aliitoa kwenye lori la Fuso lililopinduka mlima Kitonga, nzima, haina hata ufa. Alipoiwasha kujaribu, magari ya barabarani yakapunguza mwendo. Kazi imetoka safi.

"Shemeji, sasa hii ni boti," akajisifu.

Yudith akashukuru, akaipakia kwenye gari, akarudi nayo ziwani. Alikuwa nesi wa kijiji cha wafinyanzi mbele ya Matema, mahali milima inapoingia ziwani bila kuacha hata upana wa barabara. Mama akishikwa uchungu, hospitali anapelekwa kwa maji. Na taa hakuzitaka kwa urembo. Mumewe Tadeo, kaka yake Lugano, alikufa jioni moja mtumbwi wake ulipogongwa na boti kubwa ya Ambrosi, mchuuzi wa vyungu, ambayo haikuwa na taa hata moja. Wakubwa wa kijiji wakakaa kikao, wakanywa soda za Ambrosi, wakasema kosa ni la marehemu, mtumbwi wake ulikuwa giza. Yudith aliyasikia hayo akiwa bado kwenye nguo za msiba.

Hazikupita siku nyingi, akapiga simu.

"Shemeji, ziwa linasimama nyuma yangu."

"Linasimamaje?"

"Nikiwasha, maji ya nyuma yanatulia tuli na samaki wanapanga foleni. Nikizima, yanaendelea."

"Basi taa inafanya kazi," alisema Lugano. Nyekundu ya nyuma kazi yake si ndiyo hiyo?

"Inafanya, lakini wanaofua wanalalamika mawimbi hayawafikii. Na manahodha wananicheka, eti nimevaa gauni nyuma mbele. Wanasema nyekundu inakaa kushoto, kijani kulia, ili anayekuja ajue unaelekea wapi. Nyeupe inakaa juu, ionekane pande zote."

Lugano alinuna siku nzima. Fundi mzima, kuchekwa na wavuvi! Kisha akashuka Matema na sanduku lake la vifaa. Nyekundu mpya akaifunga ubavu wa kushoto, kijani kulia, kila moja na kibati cha kuizuia isionekane upande wa mwenzake. Nyeupe aliiweka chini mno kwanza, ikampiga Yudith machoni. Akaihamishia juu ya mwanzi, ikavipita vichwa vya abiria. Alipotaka kuing'oa ile ya Fuso, Yudith aliifunika kwa kiganja.

"Hiyo iache. Iwekee swichi yake."

Jioni ile ile Faustina, binti wa mfinyanzi, akashikwa uchungu. Wakaondoka watatu, Lugano akimshika Faustina mkono na kumwomba Mungu kwa Kinyakyusa. Katikati ya safari wakasikia mashine nyuma yao. Ilikuwa boti ya Ambrosi, giza tupu, vyungu vimepangwa juu kiasi kwamba mwendeshaji haoni mbele. Ilikuja moja kwa moja. Yudith akamkumbuka Tadeo, akabonyeza swichi ya taa ya Fuso.

Ziwa likasimama. Boti ya Ambrosi ikasimama nalo, mashine ikinguruma bure, wala chungu hakikupasuka.

"Nani huyo?" Ambrosi alifoka. "Zima hiyo taa, soko linanisubiri!"

"Washa yako kwanza."

"Sina!"

"Basi subiri, kaka. Tuna mgonjwa."

Hakuzima mpaka Faustina alipopokelewa hospitali. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu zote, wa kiume, na Lugano naye akalia bila aibu.

Wakubwa wakakaa tena, wakanywa soda tena. Wakasema Yudith asizuie biashara za watu, na kuhusu Tadeo hawakuwa na jipya: kosa ni lake. Yudith akawaaga, akaenda kuwapima watoto uzito.

Siku hizi ukipita Iyunga utaona mitumbwi imeegemea ukuta wa gereji ya Lugano, wenyewe wakigombea taa za nyuma za malori. Boti ya Ambrosi bado haina taa. Kila jioni husimama ziwani, mashine ikilia, mpaka kina mama wapite.