Jirani wa Sajini Okwir

Kiti alichopewa Ayaa katika ofisi ya wakili Florence, hapo Mengo, kilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye hakuacha kukiyumbisha tangu aketi. Mansur, aliyeketi kando yake, alimwekea mkono gotini, kisha akauondoa upesi. Ng'ambo ya meza alikuwapo Tarcisio, kaka yake Ayaa, na Tarcisio hakuwa mtu wa kuonyeshwa mambo hayo.

Mezani palikuwa na wosia wa baba yao, marehemu Sajini Erinayo Okwir. Mzee aliuandika kijeshi, bila neno la kubembeleza: nyumba ya kijijini na mashamba yote kwa Tarcisio, kiwanja cha Makindye, pamoja na karakana ya ushonaji, kwa Ayaa. Karakana hiyo Ayaa aliianzisha kwa cherehani kimoja, na nyuma yake ndiko alikoishi na Mansur na watoto wao. Kikipotea kiwanja, kazi inapotea na makao pia.

Tarcisio ndiye aliyeweka pingamizi. Alinyoosha kidole penye sahihi ya chini kabisa, akauliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha kupata ushauri mahali, shahidi huyu wa pili ni nani.

"Mansur Abdul-Latif," Florence akasoma.

"Ndiye huyu hapa. Mume wa dada yangu. Si ndivyo, shemeji?"

Shemeji. Kwa miaka tisa neno hilo halikupata kumtoka Tarcisio. Alikuwa akimwita "yule wa Kisenyi", kwa ajili ya duka la vipuri la kina Mansur lililoko huko, na kumwambia Ayaa mbele ya wageni kwamba anaishi na hawara. Ayaa akageuka, na alichokiona kikamtia baridi: Mansur alikuwa amefurahi. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. Hakujua bado anapelekwa wapi.

Florence alijua. Alivua miwani, akaeleza taratibu kwamba sheria yataka mashahidi wawili wasio na faida yoyote ndani ya wosia. Shahidi akiwa mume au mke wa mtu aliyepewa kitu, wosia haufi, ila kile alichopewa mtu huyo ndicho kinachokufa. Kiwanja kingerudi katika mali ya jumla kigawanywe, na Tarcisio alikuwa ameshasema kuwa atadai kiuzwe.

"Kwa hiyo nakuuliza, nyabo, na jibu lako tutaliandika kwa kiapo," Florence akasema. "Siku mzee aliposaini, Mansur alikuwa mumeo?"

Kiti kikaacha kuyumba.

Mara mbili wazee wa kina Mansur walifika Makindye kuposa, wamevaa kanzu zao za Ijumaa, na mara mbili Sajini aliwaacha barazani mpaka jua likawachosha. Hapokei mahari, alisema, kwa mtu asiyesali naye. Ayaa naye alikataa kubadili dini, hivyo hata kwa shehe hawakufika. Wakaishi tu, watoto wakaja. Mzee alilainika kwa kila kitu isipokuwa neno "mkwe". Figo zilipomwangusha, Mansur ndiye aliyembeba mgongoni mpaka garini, akamnyoa ndevu, akamfulia mashuka, na mzee akamwita Jirani. Jirani, nipe maji. Jirani, leo umechelewa. Walikuwa wakicheka wote wawili, ila Mansur ndiye aliyewahi kuacha kucheka.

Siku ya wosia Ayaa alikuwa jikoni. Alimsikia baba yake akisema kwamba mashahidi wawe watu wa nje. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kanisa. "Na wa pili niitieni Jirani," mzee akasema. "Yeye si ndugu wa mtu hapa." Mansur akaja, akasaini, na mbele ya jina lake mzee akaandika kwa mkono wake mwenyewe: jirani. Mpaka leo Ayaa hakujua kama baba yake alikuwa akimlinda yeye au akimtukana Mansur. Pengine kwa mzee yalikuwa jambo moja.

"Hapana," Ayaa akasema. "Hakuwa mume wangu."

Tarcisio akacheka. "Watoto wawili, kitanda kimoja, na si mume?"

"Umeniambia hivyo miaka tisa, kaka. Leo ndiyo umegeuka?"

Florence akauliza yaliyobaki: kanisani? Kwa shehe? Kwa msajili wa ndoa? Mahari iliyopokelewa? Ayaa akajibu hapana kila mara, na kila hapana aliisema chini zaidi kuliko iliyotangulia. Kiapo kilipokwisha kuchapwa wakasaini wote wawili, yeye na Mansur. Mansur alishika kalamu, akasoma, akasita penye nafasi ya uhusiano.

"Hapa niandike nini?" akauliza. Hakungoja jibu. Akaandika *jirani*, akairudisha kalamu mahali pake, akatoka.

Ayaa alimuuliza Florence kama kuolewa baada ya leo kungeharibu lolote. Hapana, Florence akamwambia, kinachotazamwa ni siku ile ya sahihi. Ndipo Ayaa akamgeukia kaka yake.

"Baba hayupo. Wazee wakija sasa, wa kuwapokea ni wewe. Na umemwita shemeji mbele ya wakili. Watakuja Jumamosi. Usiwaache barazani."

Tarcisio akaanza kupapasa mifuko kama aliyepoteza funguo.

Nje, Mansur alikuwa ameshawasha gari. Ayaa alimweleza kupitia dirishani, maneno yakigongana, naye akasikiliza huku macho yakiwa barabarani.

"Nitawauliza wazee," akasema mwishowe. "Sijui kama watakubali kukalishwa juani mara ya tatu."

Kitasa cha nje kilikuwa kimekufa siku nyingi, kwa hiyo akajinyoosha, akamfungulia mlango kwa ndani.

"Panda, jirani."

Ayaa akapanda. Alimtazama usoni, akatafuta kicheko, asijue kama kipo au hakipo, na goti lake likaanza tena kutikisika.